Namba Zilizobaki Nje ya Kioo

Sikuwa mtu wa kuuliza maswali. Ukiniletea redio iliyokufa, sikuulizi ilianguka lini wala nani aliishika mara ya mwisho. Nafungua, natazama, natengeneza. Baba yangu, aliyelima maharagwe kwenye kilima kimoja cha Masisi maisha yake yote, alikuwa akisema nina mikono mizuri na masikio mabovu. Dada yangu mkubwa anasema hivyo hivyo mpaka leo, ila yeye hatanii.

Miaka ile ya vita mimi na dada tulikuwa na chumba cha michezo pale Kirolirwe: kuta za mbao, bati juu, mabenchi matatu, televisheni moja ya mgongo mrefu, na jenereta nyuma ya nyumba. Tulifungua ukungu ukishaondoka malishoni, tukafunga jua likiwa bado juu, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukutwa njiani giza likiingia. Walikuja vijana wachunga ng'ombe na fimbo zao, wanafunzi ambao madarasa yao yalikuwa yamejaa wakimbizi, na wakimbizi wenyewe. Bunduki zikisikika mbali walinyamaza kidogo, wakakisia ni upande gani, kisha wakaendelea kucheza. Nami nilikuwa hivyo hivyo, sijitoi.

Konsoli yenyewe aliniletea mfanyabiashara wa Butembo, jirani yetu mwenye duka na lori lililokwenda mpaka Walikale. Alikuwa mtu wa misa, asiyewasha lori bila kufanya ishara ya msalaba. Aliipata Mpofi, kijiji cha huko Walikale, imefungwa ndani ya shuka: mashine, maneti mbili, yaani vishikio vya kuchezea vyenye vitufe, CD moja ya mpira, na kadi ndogo ya kumbukumbu iliyokuwa bado imechomekwa mahali pake.

"Kaka, hii kitu inaimba tu, haionekanake," aliniambia. "Angalia kama utaiweza."

Sikuuliza ilikuwa ya nani.

Nilipoiwasha, sauti ilitoka safi kabisa: kelele za uwanja, filimbi, ngoma za mashabiki. Picha ndiyo iliyokuwa na shida. Haikuwa na rangi, na haikutulia. Ilitokea chini, ikapanda, ikapotelea juu, na nyingine ikaifuata nyuma. Mstari mweusi ulipita katikati ukawakata wachezaji viunoni, miguu ikawa juu na vichwa chini, vyote vinakimbia. Vijana walicheka mwanzoni. Baadaye mmoja wao akaniomba niizime, na wenzake hawakumpinga.

Ugonjwa wenyewe niliujua. Mashine ilikuwa imewekwa kutuma picha sitini kwa sekunde, na televisheni yangu ilizoea kupokea hamsini. Huko ilikotoka mtu alichagua sitini kwa sababu televisheni yao iliziweza. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio na kuchagua hamsini, lakini utachaguaje kwenye ukurasa unaokimbia? Nilihangaika nayo siku mbili na kumfokea kila aliyenisemesha. Nyuma ya televisheni za zamani kuna kidude cha kuzuia picha isipande. Nilikizungusha kwa ncha ya bisibisi, kidogo kidogo, mpaka ule mstari mweusi ukasimama, nikasoma menyu kwa shida, nikachagua hamsini. Kijani cha uwanja kikajaa chumba chote, nami nikajiona bingwa.

Kadi ya kumbukumbu ilifunguka yenyewe. Kati ya timu za Ulaya zilizokuwa kwenye CD, moja ilikuwa imebadilishwa jina ikaitwa Mpofi. Ndani yake kulikuwa na wachezaji kumi wenye majina ya huku kwetu, waliobaki ni wale wale wazungu waliokuja na CD. Mtu alikuwa amekaa na subira ya ajabu kuwatengeneza. Mmoja alikuwa mfupi kuliko wote, mwingine ana upara, mwingine ana nywele ndefu zilizosimama. Vijana wangu waliipenda timu hiyo kwa kuwa ilikuwa na mbio, wakawa wanapiga kelele za majina yale kutwa nzima kama vile ni ya marafiki zao.

Kelele hizo ndizo zilizomleta yule mama. Alikuwa mkimbizi, akipita barabarani na beseni la ndizi kichwani, akasikia jina linaitwa ndani kwetu. Akaingia bila kutua beseni.

"Huyu muko naita, iko wapi?"

Vijana wakamwonyesha kioo. Yule mwenye nywele zilizosimama alikuwa anakimbia na mpira pembeni. Mama alimwangalia mpaka mpira ukatoka.

"Huyu njo mutoto wangu," alisema. "Hata nywele njo zake."

Dada alimpokea beseni, akamkalisha, na mama akatueleza kwa ufupi, kama wanavyoeleza watu waliokwisha kuulizwa mara nyingi. Mwanawe na wenzake tisa walikuwa na chumba cha michezo Mpofi. Vita vilipofika yeye alikimbia na watoto wadogo, na mwanawe akabaki na wenzake kulinda vyombo, akisema atamfuata. Tangu hapo hakupata barua, simu, wala salamu.

Akawa anakuja kila siku ya soko, ndizi zikiisha. Alikaa benchi la nyuma, haombi kitu. Mimi nina desturi ya kazi: kitu nilichokitengeneza nakiacha kifanye kazi saa nzima peke yake, ili kikipata joto ugonjwa uliojificha ujitokeze. Basi siku moja mchana niliiweka mashine icheze yenyewe pande zote mbili, Mpofi na timu nyingine, nikaenda kununua mafuta ya jenereta. Niliporudi chumba kilikuwa kitupu, vijana wameitwa kwenye mkutano wa chifu. Maneti zilikuwa zimelala juu ya meza, waya zimekunjwa. Kwenye kioo wale kumi walikuwa wanakimbia, wanaitana, wanapeana mpira, wanaanguka na kuinuka. Mama alikuwa peke yake benchini, mikono mapajani.

"Nani anawachezesha?" aliniuliza bila kugeuka.

"Hakuna mutu, Mama. Banacheza bo benyewe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kana kwamba ndivyo alivyodhani. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kuniuliza: mwanawe alikuwa amevaa namba gani.

Sikujua. Migongoni namba zilionekana kama madoa meupe tu, televisheni yangu haikuwa na uwezo wa kuonyesha kitu kidogo hivyo. Nikafungua orodha ya timu. Majina yalisomeka vizuri, lakini safu ya namba, iliyotakiwa kuwa upande wa kushoto wa majina, haikuwepo. Ilikuwa imepotelea nje ya kioo. Nilikuwa nimeitazama orodha ile mara mia na sikuwa nimeona kwamba kuna kitu kimekatwa.

Hapo ndipo aliponieleza desturi ya vijana wa Mpofi.

"Mwenzao akikufa, habamutoshake mu timu, anabakiaka," alisema. "Banamupatia namba ya juu. Wa kwanza tisini na kenda. Wa pili tisini na nane. Vile vile, banashuka. Mutoto alinielezaka, nikamugombeza juu ya kuchezea mambo ya bafu, batu benye balikufa. Wakati nilitoka, balikuwa bamefika tisini na saba."

Mwanawe alikuwa akivaa kumi. Alichotaka ni kujua kama bado ni kumi. Tangu siku ile sikuweza kuiwasha mashine bila kuutazama ule ukingo wa kushoto. Upana wa vidole viwili tu ulikuwa umesimama kati ya mama na habari ya mwanawe, na fundi nilikuwa mimi.

Nilianza na njia rahisi. Mchezo una ukurasa wa kusogeza picha, na nilipoufungua niliona kwamba kadi ilikuwa imehifadhi hilo nalo: picha ilikuwa imevutwa kushoto sana. Televisheni ya Mpofi bila shaka ilikuwa na kasoro ya kusukuma kila kitu kulia, na wale vijana wakairekebisha. Sasa televisheni haipo, chumba hakipo, na marekebisho yao yalikuwa yanakuja kwenye kioo changu kila ninapowasha. Nilibonyeza kulia, picha ikasogea hatua kwa hatua, mpaka ikagota mwisho. Nikafungua orodha. Kando ya majina kumi zilikuwa zimejitokeza tarakimu moja moja: tisa, saba, nne, moja, nane. Kando ya mwanawe palikuwa na sifuri.

Mama alifurahi kidogo kuona tisa na saba na nne, namba ndogo za walio hai. Mimi sikufurahi. Nilijua ninachokiona ni nusu ya namba, tarakimu za kulia tu, na kwamba za kushoto zilikuwa bado nje. Hiyo sifuri ingeweza kuwa ya kumi, na ingeweza kuwa ya tisini.

"Maliza," aliniambia.

Kumaliza maana yake ni kufungua televisheni na kubana upana wa picha kutoka ndani. Kazi hiyo hufanywa televisheni ikiwa inawaka, mkono mmoja ndani na mwingine nyuma ya mgongo, kwa sababu umeme uliomo humo ukipita kifuani hauna mjadala. Na fundi anakuwa nyuma, haoni kioo. Ndiyo maana tunatumia kioo cha kujitazamia, mtu anakishika mbele. Dada alitaka kukishika. Mama akakichukua yeye.

Akasimama mbele ya televisheni amekishika kifuani. Mimi nilikuwa nyuma, nazungusha skrubu kwa bisibisi ya plastiki, na kwenye kioo chake naona orodha imegeuka, herufi zote zinatazama nyuma. Picha ilianza kubanika. Weusi uliingia pembeni, na kutoka kwenye weusi huo zikatoka tarakimu za kushoto. Tisa. Chini yake tisa. Chini yake tisa. Zilitoka moja baada ya nyingine, zimegeuka, na ilinibidi kuzisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Tisini na tisa, tisini na saba, tisini na nne, tisini na moja, tisini na nane. Vijana wa Mpofi walikuwa wamekufa, mwenye upara na yule mfupi, wale ambao majina yao yalikuwa yakipigiwa kelele chumbani kwangu kila siku. Kisha kioo kikaanza kutetemeka nikashindwa kusoma.

"Mama, kaza mukono," nilisema, na nilisema kwa ukali, kwa sababu ya woga.

"Ni kumi," alisema yeye.

Nilizima, nikaja mbele, nikawasha tena. Ilikuwa kumi kweli. Mama aliketi chini sakafuni akacheka na kulia pamoja, na dada akaketi naye. Mimi sikusema nilichokuwa nakifikiria. Wenzake tisa walikuwa wamepewa namba zao, na kila namba ilihitaji mtu wa kuibonyeza. Yeye ndiye aliyebaki akiandika. Kumi ile haikusema yu hai. Ilisema tu kwamba siku ile hakukuwa na mwingine wa kumwandikia.

Aliendelea kuja kila siku ya soko. Safari hii hakuangalia mpira. Aliniomba nifungue orodha, akatazama namba, akashukuru, akaenda zake.

"Mama, hii mashine haijue kitu," nilimwambia mara moja.

"Najua. Lakini fungua."

Nami nikaambukizwa. Kila asubuhi, kabla ya vijana kuingia, niliwasha, nikafungua orodha ya Mpofi na kutazama. Nilijua vizuri kwamba kadi ya kumbukumbu haiwezi kupata habari kutoka msituni Walikale. Nilijua, na bado moyo ulinidunda mpaka nione kumi. Sikumwambia dada.

Ikawa nikachomwa na msumari mkononi, mkono ukavimba, nikapelekwa hospitali ya Kirotshe, kando ya ziwa. Nililazwa, halafu barabara ikafungwa kwa mapigano, nikakaa huko siku nyingi kuliko nilivyotaka. Dada ndiye aliyefungua chumba siku zote hizo. Niliporudi nilikuwa nimechoka na nina hasira na dunia nzima. Aliniwekea ugali, akaanza:

"Ule Mama alikuja, na mugeni mumoja wa..."

"Nitamuona mwenyewe," nilimkata. "Acha nikule."

Akaniacha nile. Asubuhi niliwasha mashine kama kawaida, nikafungua orodha, na kando ya jina la mwanawe ilikuwa tisini.

Nilisimama pale sijui kwa muda gani. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka, mlango uko wazi, na nje ng'ombe walisikika bila kuonekana. Kitu cha kwanza nilichokiamini, nasema kwa aibu, ni kwamba namba imejibadilisha. Kwamba amekufa huko na mashine imejua. Halafu akili ikarudi, na pamoja nayo hasira: hawa ni vijana wakora, wamesikia habari ya namba za wafu, wamefanya mchezo nikiwa sipo. Na ilikuwa siku ya soko. Angekuja kabla ya saa sita na kuiona. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya siku zote. Sikuuliza. Nilishika maneti kwa mkono uliofungwa bendeji, nikarudisha kumi, nikahifadhi kwenye kadi, nikawasubiri vijana ili niwafokee.

Aliyeingia kwanza alikuwa mama. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na kitambaa kilikaa kimelala kabisa, jambo ambalo mwenye macho angeliona. Aliniuliza hali ya mkono. Nikamwambia napona. Bila yeye kuomba nikafungua orodha, nikijisikia mwema.

Alitazama. Akasogea karibu akatazama tena, mpaka mwanga wa kioo ukamfika usoni.

"Nani alimufufua?" aliuliza.

Sikuelewa. Akafungua kitambaa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa.

Akanieleza kwamba yule mgeni aliyekuja naye nikiwa hospitali alikuwa ametoka Mpofi. Alikuwa mteja wao kule. Yeye na mtu mwingine ndio waliomfukia mwanawe, pembeni ya barabara, mahali ambapo mama hatafika leo wala kesho. Alipomaliza kueleza, mama alimwomba amsindikize kwenye chumba chetu. Hawakucheza. Mgeni alijua ukurasa wa namba uko wapi, mama akashika maneti pamoja naye, vidole vyake chini ya vidole vya yule mtu, wakampatia mwanawe namba yake. Kutoka hapo alikwenda kunyoa, wakalia siku zao, wakamaliza.

"Kaburi yake haifikike," alisema. "Nilimuzika hapa."

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema "nilitaka kukuambia." Ningependa angesema.

Nilimwomba mama msamaha. Alivuta benchi, akakaa kando yangu, akasema: "Rudisha. Na uhesabu, nisikie."

Namba zile hupanda moja moja, kila kubonyeza namba moja. Nikabonyeza, nikasema kumi na moja. Nikabonyeza, nikasema kumi na mbili. Kwenye ishirini na mbili alinishika mkono nikasimama. Huo ulikuwa umri wa mwanawe. Alipumua, akaniachia, nikaendelea na ishirini na tatu. Karibu na arobaini sauti yangu ilikatika, na yeye akapokea, akahesabu kwa utulivu, mimi nikibonyeza tu, mpaka tukafika.